Klabu ya Ofisi: Soka la Ridhaa Dodoma na Swali la Nani Mwenye Timu

Siku Simba au Yanga wanapokuja Dodoma, fanya utafiti mdogo usiohitaji kibali cha mtu. Simama karibu na geti la Uwanja wa Jamhuri saa moja kabla ya mechi, uhesabu jezi. Akija Yanga utaona bahari ya njano na kijani. Akija Simba, nyekundu na nyeupe. Wenyeji, yaani Dodoma Jiji, Walima Zabibu wenyewe, wanaingia kwenye uwanja wa nyumbani mbele ya watu ambao wengi wamekuja kumshangilia mgeni.

Ukiuliza kwa nini, utapewa majibu mawili ya haraka. La kwanza: Dodoma ni mji wa wageni, watumishi wamekuja na timu zao mioyoni. La pili: hizo timu mbili zimeteka nchi nzima, Dodoma haina upekee wowote. Yote mawili yana ukweli, lakini hayanitoshi. Mbeya nayo ina wageni, Mwanza nayo ina mashabiki kibao wa Simba na Yanga, na bado Pamba ya Mwanza ilikaa miaka 23 nje ya ligi kuu bila watu kuisahau. Dodoma imewahi kuwa na timu za ligi kuu kabla ya hii ya sasa. Jiulize wewe mwenyewe: unazikumbuka? Unaweza kutaja hata moja?

Nataka kukuonesha kwamba tatizo si mapenzi ya watu, na wala si Wagogo kutopenda mpira kama wengine wanavyopenda kusema vijiweni. Tatizo ni aina ya klabu ambazo mji huu umekuwa nazo. Karibu zote zilikuwa na mwajiri badala ya kuwa na wanachama. Na ili tuelewane hapo, inabidi tuanze na neno moja ambalo sote tunalitumia bila kulikagua: ridhaa.

Tunaposema mchezaji wa ridhaa tuna maana ya mtu anayecheza bila kulipwa, kwa hiari yake. Linasikika kama neno safi kabisa. Lakini kule lilikotoka, wazo hilo lilikuwa uzio. Mwaka 1879 waandaaji wa mashindano ya kupiga makasia ya Henley, Uingereza, waliandika nani ahesabiwe kuwa mchezaji wa ridhaa, na ndani ya maelezo hayo wakamwondoa fundi, msanii wa kazi za mikono na kibarua. Si kwa sababu walikuwa wanalipwa kupiga makasia! Waliondolewa kwa sababu walikuwa wanaishi kwa kazi ya mikono yao. Ridhaa ilikuwa adabu ya mtu mwenye kipato kingine.

Kanada ilienda mbali zaidi, na kisa chake ni cha lakrosi, mchezo wa fimbo zenye wavu mdogo mwishoni, ambao unadakia mpira kwa huo wavu na kuurusha kwa huo huo. Mchezo huo ni wa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Wahaudenosaunee waliucheza karne nyingi kabla Mzungu hajaushika. Mwaka 1856 vijana wa mjini Montreal wakaanzisha Montreal Lacrosse Club, klabu ya mji, ya watu wenye kazi za heshima wanaokutana baada ya saa za kazi. Daktari wa meno mmoja wa huko, William George Beers, akaandika kanuni, akapunguza huu, akapima ule, na mchezo ukawa wa klabu. Kufikia 1880 chama chao cha taifa kilikuwa kimeamua kwamba ni wachezaji wa ridhaa tu wanaoruhusiwa kugombea ubingwa. Timu za wenyeji wa asili zilikuwa zinachukua fedha ili kulipia safari, maana bila hizo zisingefika uwanjani. Basi wakahesabiwa kuwa ni wa kulipwa, wakafungiwa nje. Wenye mchezo wakatolewa kwenye mchezo wao kwa neno moja tu.

(Kwa wanaopenda kujua: lakrosi imeshafika kwetu. Mwaka 2014 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya wanaume, mjini Denver, Marekani. Dodoma bado.)

Sasa shika mambo mawili kutoka Montreal, tutayahitaji mbele. Moja, ridhaa ilikuwa njia ya kumzuia mfanyakazi. Mbili, klabu ile ilikuwa na wanachama wanaolipa ada, wanaoandika mihtasari ya vikao, wanaopiga kura. Mwaka 1881 ilijiunga na klabu nyingine za mji kuunda chama kimoja cha michezo ya ridhaa, na chama hicho kipo hadi leo. Mchezo uliowaunganisha mwanzoni ungeweza kupungua nguvu, na ulipungua, lakini chama kikabaki, kwa sababu kilikuwa cha watu, na watu hurithishana.

Turudi nyumbani. Dodoma ilikua kwa sababu ya reli. Wajerumani waliifikisha Reli ya Kati hapa mwaka 1910, na kituo kikavuta maduka, na maduka yakavuta mitaa. Kulikuwa na watu wa reli, watu wa serikali, wafanyabiashara wa Uhindini, na wanafunzi wa shule za misheni kama ile ya Alliance pale Kikuyu, ambayo baadaye ikawa Mazengo na leo ni Chuo Kikuu cha St John's. Mpira ulikuwepo. Ila mji wenyewe ulikuwa mdogo mno: sensa ya 1967 iliukuta na watu wapatao elfu 23 na ushee. Mvua inanyesha msimu mmoja kwa mwaka, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na miezi iliyobaki ardhi inakuwa ngumu kama sakafu, na upepo unabeba vumbi jekundu. Yeyote aliyewahi kuchezea uwanja wa shule hapa Dodoma mwezi wa Agosti anajua ninachosema, hasa magoti yake.

Dar es Salaam ilikuwa na kitu tofauti. Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wakajitenga, wakaunda timu ambayo baada ya kubadili majina kadhaa iliitwa Sunderland na tangu 1971 tunaiita Simba. Ugomvi wao ulikuwa wa wanachama! Unagombana na klabu pale tu unapoamini ni yako. Miaka ya 1970 nusu ya Yanga ikagombana tena, ikazaliwa Pan African. Tunazoea kuzicheka vurugu hizi za Kariakoo, kura za mapinduzi, wazee kufunga ofisi kwa makufuli. Mimi nazisoma kama dalili ya afya, ya ajabu kidogo, lakini afya. Klabu ambayo hakuna anayeigombania haina mwenyewe.

Ligi ya taifa ilianza 1965. Kwa miaka kumi ubingwa haukutoka Dar es Salaam hata mara moja: Sunderland, Cosmopolitan, Yanga, Simba, Yanga. Ni mwaka 1975 ndipo Mseto ya Morogoro ilipouvuta ubingwa nje ya pwani ile. Dodoma wakati huo ilikuwa na habari nyingine kabisa kichwani.

Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu aliiita CDA. Kampuni ya washauri kutoka Toronto, Project Planning Associates, ikakamilisha mpango mkuu wa mji mwaka 1976: mji wa kutembea kwa miguu na kupanda basi, wenye vitongoji vinavyojitegemea na maeneo ya wazi. Kwenye karatasi ulikuwa mji mzuri sana. Waajiri wakaanza kufika kabla ya mji wenyewe. Na waajiri wa enzi ile, wakifika mahali, walifika na timu.

Hapa inabidi nikueleze jinsi kitu hiki kilivyofanya kazi, maana kwa kizazi chetu ni kama hadithi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashirika ya umma yaliongezeka hadi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, yakapita 400. Mwaka huo huo wa 1967 likaundwa kwa sheria Baraza la Michezo la Taifa, BMT. Soka la kulipwa halikuwa na nafasi rasmi. Kila mchezaji alikuwa wa ridhaa. Lakini mtu anayefanya mazoezi kila jioni na kusafiri mikoani anakula nini? Jibu likawa ajira. Kijana anayejua mpira aliajiriwa kama karani, dereva, mlinzi, mhudumu wa ofisi, fundi wa karakana. Mshahara wake ulikuwa wa ukarani. Nyumba yake ilikuwa ya shirika. Saa tisa alasiri aliruhusiwa kwenda mazoezini. Ukimtaka mchezaji wa timu nyingine, hukununua mkataba wake. Ulimtafutia kazi kwako, ikaandikwa barua ya uhamisho. Usajili ulipita kwa afisa utumishi!

Angalia ramani ya soka ya miaka ile na utaona ramani ya uchumi. Morogoro ilikuwa na Reli, waliojiita Kiboko ya Vigogo. Mwanza ilikuwa na Pamba, iliyobeba jina la zao lenyewe na ambayo mashabiki wake waliiita TP Lindanda. Moshi ilikuwa na Ushirika. Kagera ilikuwa na timu ya kampuni ya biashara ya mkoa, RTC. Mbeya ilikuwa na Mecco, kampuni ya ujenzi. Ukitaka kujua mkoa ulikuwa unazalisha nini, ungesoma msimamo wa ligi.

Na Dodoma, ambayo haikuwa na pamba wala kiwanda kikubwa, ilizalisha nini? Ilizalisha serikali. Ndiyo maana timu zake zilizofika ligi kuu zilikuwa na majina kama CDA na, hili nalipenda kuliko yote, Waziri Mkuu.

Ndiyo, kulikuwa na timu ya ligi kuu iliyoitwa Waziri Mkuu. Ilikuwa timu ya ofisi hiyo, moja ya ofisi za mwanzo kuhamishia shughuli Dodoma, na ilitamba miaka ya 1980. Fikiria kazi aliyokuwa nayo mtangazaji wa Radio Tanzania jioni ya matokeo, kulitangazia taifa kwamba Waziri Mkuu amefungwa Mwanza. Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja kwa kupigwa bao na kuwekwa ndani, na nchi ilikuwa ya chama kimoja. Sina shaka kuna mtu mahali alishtuka, akaongeza sauti ya redio.

Sasa rudi Henley na Montreal, ulinganishe. Kule ridhaa ilikuwa mlango wa kumfungia nje mfanyakazi. Hapa ridhaa ilikuwa mlango wa kumwingiza kazini. Kijana aliyemaliza darasa la saba Kondoa au Mpwapwa, asiye na ndugu ofisini, angeweza kupata ajira ya kudumu kwa sababu ya mguu wa kushoto. Baada ya goti kuharibika, bado alikuwa karani, na baada ya ukarani kulikuwa na mafao. Wachezaji wengi wa leo, na mikataba yao ya miaka miwili, hawana hicho. Nasema hivi kwa sababu sisi wasomi wachanga tumezoea kuuelezea ule mfumo kama udanganyifu: eti walikuwa wa kulipwa waliojificha. Mimi naona ulikuwa mkataba wa kijamii wenye akili zake. Mpira ulilipwa kwa usalama wa maisha, si kwa fedha taslimu.

Na si soka tu. Netiboli, kuvuta kamba, bao, karata, vishale, riadha, yote yalichezwa kiofisi, na mabaki ya utaratibu huo unaweza kuyaona hadi leo kwenye michezo ya SHIMIWI ya wizara na idara za serikali, na SHIMMUTA ya mashirika ya umma. Ukimkuta mama wa uhasibu wa wizara fulani akiishikilia kamba kama anavuta treni, jua unaangalia kisukuku kilicho hai cha michezo ya ridhaa ya Tanzania. Akina mama hawa, kwa kweli, wamehifadhi ule utaratibu vizuri kuliko wanasoka.

Lakini mkataba ule ulikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa hili: klabu haikuwa na mtu wa kuirithi.

Klabu ya wanachama ikifilisika, wanachama wanagombana, wanachangishana, wanamtafuta tajiri, wanamfukuza tajiri, wanaanza tena. Klabu ya ofisi ikiishiwa bajeti, inatoka barua. Uongozi wa timu ulikuwa ni uongozi wa ofisi. Jezi zilikuwa kwenye stoo ya ofisi. Kumbukumbu zilikuwa kwenye mafaili ya ofisi, na faili la michezo ndilo la kwanza kuliwa na mchwa au kutolewa nafasi ikibana. Shabiki wa CDA hakuwa na kadi, hakuwa na kura, hakuwa na mkutano mkuu wa kwenda kupiga kelele. Na tukumbuke, CDA ndiyo iliyokuwa inagawa viwanja na kubomoa nyumba za waliojenga bila kibali. Ni vigumu kumshangilia Jumamosi mtu aliyekuwekea alama ya X ukutani Jumatatu! Sisemi hiyo ndiyo sababu kuu, ila siwezi kuipuuza.

Mwaka 1986 Tanzania ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1992 ikaundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, ile PSRC. Mashirika yakauzwa, yakafungwa, yakapunguza watu. Mtu wa kwanza kupunguzwa, ukikaa na orodha ya mishahara mbele yako, ni karani anayeondoka saa tisa kwenda mazoezini. Biashara ya pamba ikafunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, na timu ya Pamba ikashuka daraja mwaka 2001. Reli, Ushirika, RTC, Mecco, moja baada ya nyingine zikatoweka kwenye ligi kuu. Msimamo wa ligi uliokuwa ramani ya uchumi wa umma ukawa orodha ya marehemu wake.

Dodoma ina funzo la ziada, kwa sababu hapa mwajiri hakufa. Ofisi ya Waziri Mkuu ipo. CDA nayo iliendelea hadi Mei 2017 ilipovunjwa na Rais Magufuli na kazi zake kupewa manispaa. Lakini timu zake zilikuwa zimetoka ligi kuu miaka mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo haikuhitajika shirika lifilisike ili klabu ife. Ilitosha mkubwa mmoja aamue kwamba mpira si kazi ya ofisi yake. Miaka ya 2000 mji uliwakilishwa na Polisi Dodoma, na hilo halishangazi: jeshi la polisi halibinafsishwi. Ukiangalia timu za waajiri zilizovuka kipindi hicho kigumu zikiwa hai, nyingi ni za majeshi, kama Prisons ya Mbeya na zile za JKT, au za viwanda vya sukari, Mtibwa na Kagera. Mwajiri mwenye nguvu, timu yenye nguvu.

Halafu ukaja wakati wa halmashauri.

Aliyeonesha njia ni Mbeya. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda ligi kuu 2013 na msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, mbele ya Simba. Nchi nzima ikageuka kuangalia. Kinondoni ikaja na KMC, ikapanda 2018. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, serikali ikiwa imeshaanza kuhamia kwa kasi tangu 2016, na halmashauri ikiwa imerithi ardhi ya CDA na mapato yake. Timu ya Dodoma FC ikawa Dodoma Jiji, na msimu wa 2020/21 ikaanza kucheza ligi kuu pamoja na Gwambina na Ihefu zilizopanda nayo. Mwanza wakafuata: Pamba ikarudi ligi kuu 2024, sasa ikiitwa Pamba Jiji, mikononi mwa halmashauri.

Yaani tumerudi kule kule. Mwajiri amebadilika jina tu. Shirika la umma limeondoka, halmashauri imeingia. Tofauti moja ni kwamba wachezaji sasa wana mikataba ya kulipwa. Ule usalama wa ukarani na mafao umekwenda, lakini udhaifu wa kutokuwa na wanachama umebaki. Kama ningekuwa mtani mbaya ningesema tumetupa kile kilichokuwa kizuri na kuhifadhi kile kilichokuwa kibovu.

Na fedha za halmashauri si fedha za kampuni ya sukari. Ni ushuru wa Soko la Majengo na la Job Ndugai, ni ada za viwanja, ni leseni za biashara. Zina foleni ya mahitaji. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iende kwenye mikopo: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ndiyo, 4-4-2, na kila diwani anayependa mpira ameshaufanya huo utani. Baada ya hapo kuna madarasa, zahanati, barabara za mitaa, taka. Watu waliopata elfu 23 na kitu mwaka 1967 sasa ni 765,179 kwa sensa ya 2022 (mipaka imepanuka pia, kwa hiyo usilinganishe kama tufaha kwa tufaha), na jiji linapanuka kuelekea Mtumba, Ihumwa na Nala haraka kuliko mabomba ya maji. Siku moja, kwenye kikao kimoja cha bajeti, diwani wa kata isiyo na zahanati atasimama na kuuliza nauli na posho za timu zinatoka wapi. Atakuwa na haki. Na siku hiyo nani atasimama upande wa pili kuitetea klabu? Mwanachama? Hakuna. Shabiki aliyevaa jezi ya Yanga?

Angalia pia uwanja. Jamhuri, kama viwanja vingi vya mikoani, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Vilijengwa enzi za chama kimoja, mara nyingi kwa michango na nguvu za wananchi wa mkoa, na vyama vingi viliporudi 1992 vikabaki kwa chama. Kwa hiyo Walima Zabibu ni timu ya halmashauri inayocheza kwenye uwanja wa chama, mbele ya mashabiki wa Kariakoo. Kila kitu ni cha mtu mwingine. Mwaka 2016 Mfalme wa Morocco alipotembelea nchi aliahidi kuisaidia Dodoma kupata uwanja mkubwa wa kisasa, na habari za uwanja mpya zimekuwa mazungumzo ya mji huu tangu hapo. Sipingi uwanja. Ila kiti cha plastiki hakina kadi ya uanachama.

Wako watakaoniambia nisizitukuze klabu za wanachama. Ni kweli. Simba na Yanga zimeishi kwa matajiri kuliko kwa ada, na leo wanajadili hisa: kanuni inataka wanachama wabaki na angalau asilimia 51, mwekezaji asizidi 49. Wanachama wengi wa kawaida huwaoni kwenye maamuzi mpaka siku ya uchaguzi. Lakini tazama hiyo 51. Mwekezaji mwenye mabilioni alilazimika kuja mbele ya mkutano mkuu na kuomba. Kuna mtu wa kuombwa! Waziri Mkuu ya Dodoma iliondoka bila mtu yeyote kuombwa chochote.

Mwanza wanatupa mfano mwingine, na ndiyo maana nimeitaja Pamba tangu mwanzo. Kwenye karatasi Pamba nayo ilikuwa timu ya mwajiri. Lakini jina lake lilikuwa la zao ambalo nusu ya Kanda ya Ziwa iliwahi kulilima, kulichambua au kulibeba mgongoni. Mwajiri alipoondoka, jina lilikuwa limeshahamia kwa watu. Halmashauri ilipoichukua haikuthubutu kulifuta. Iliongeza tu neno Jiji mwishoni. Dodoma ilikuwa na CDA, jina la mamlaka ya viwanja, na Waziri Mkuu, jina la cheo. Majina hayo hayawezi kuhamia kwa watu hata ukitaka. Zabibu zinaweza. Jina la utani la Walima Zabibu ndilo jambo la kwanza katika historia ya soka ya mji huu linalomtaja mtu wa Dodoma anavyoishi, shamba lake la Hombolo au Mpunguzi, na si ofisi iliyomwajiri. Kwa maoni yangu halmashauri ingeanza hapo: ifungue daftari la wanachama, iuze kadi kwa bei ya kilo chache za zabibu, iwape kura hata kama ni chache, kabla ya kikao kile cha bajeti hakijafika.

Na kuna kazi ambayo haihitaji halmashauri. Watu waliocheza CDA na Waziri Mkuu miaka ya 1980 sasa wako kwenye miaka ya sitini na zaidi. Wengi walibaki hapa hapa, Makole, Chang'ombe, Kikuyu, Area C, maana ajira iliwapa nyumba na nyumba ikawapa mji. Kama baba yako, babu yako au mzee wa jirani alikuwa mmoja wao, muulize vitu vitatu: aliajiriwa kama nani, nani aliandika barua ya uhamisho wake, na siku timu ilipoacha kucheza walitangaziwaje. Kisha muombe akuoneshe kitambulisho cha kazi. Kama bado anacho, kipige picha pande zote mbili; cheo kilichoandikwa pale, karani au dereva, huenda ndiyo hati pekee iliyobaki ya beki wa kushoto wa ligi kuu.